Nabongo Mumia Machoni pa Mtoto wa Mpakani

Miongoni mwa kazi ambazo walimu wa shule za msingi hupenda kuwapa wanafunzi wao ni kuandika wasifu wa kiongozi wa kale. Magharibi mwa Kenya, jina la Nabongo Mumia wa Wawanga halikosi kutajwa. Kwa mtazamo wa haraka kazi hii ni nyepesi: mwaka aliotawazwa, mambo aliyoyatenda, mwaka aliofariki, basi. Hata hivyo, mwanafunzi wa Busia au Malaba anapoketi kuiandika hukabiliwa na ugumu ambao mafunzo ya darasani aghalabu huupita kimya. Amezoea kufunzwa kwamba Mumia yumo katika fungu la viongozi walioshirikiana na Waingereza, ilhali Koitalel arap Samoei wa Wanandi yumo katika fungu la waliowapinga. Makala haya yanasimulia maisha ya Mumia kwa kuyatazama kutoka mpakani, kwa kuwa huko ndiko neno kushirikiana linakopwaya zaidi.

Mumia alizaliwa katikati ya karne ya 19 katika ukoo wa kifalme wa Abashitsetse. Alitawazwa mwaka 1882 kufuatia kifo cha babake, Nabongo Shiundu. Ufalme aliourithi haukuwa himaya pana kama wengi wanavyodhani. Wawanga walikuwa wamezungukwa na majirani wenye nguvu: Wabukusu na Wateso upande wa kaskazini na magharibi, na Wajaluo wa Ugenya upande wa kusini. Wasamia, waliokaa karibu na Ziwa Viktoria, walisifika kwa kufua chuma, na majembe yao yaliuzwa mbali. Jamii hizi zilifanya biashara na Wawanga, zikaoana nao na kupigana nao, lakini hazikumhesabu Nabongo kuwa mfalme wao. Wateso hasa hawakuwa na mfalme yeyote.

Silaha ya Mumia ilikuwa njia. Tangu enzi za babake, misafara ya Waswahili na Waarabu kutoka pwani ilikuwa imekwisha kulifanya boma la Wawanga kituo cha kupumzika na kununua chakula na pembe za ndovu kabla ya kuendelea Busoga na Buganda. Wasafiri hao walipaita mahali hapo Kwa Sundu, wakimaanisha kwa Shiundu, na jina hilo likaingia katika maandishi ya Wazungu. Baadaye Waingereza walipotaja mahali pa Mumia kwa sarufi ya lugha yao, ile herufi ya mwisho ya umilikishi ilinata, na mji ukabaki kuitwa Mumias hadi leo. Hivyo basi, mji mmoja umewahi kuitwa kwa umilikishi wa Kiswahili kisha kwa umilikishi wa Kiingereza. Nasi wanafunzi wa Kiswahili tusisahau kwamba lugha yetu iliingia eneo hili kupitia ua wa Nabongo, ikifuatana na shanga, vitambaa, Uislamu na pia bunduki.

Mwaka 1883 alipita Joseph Thomson, msafiri kutoka Uskoti. Mwaka 1885 alipita Askofu James Hannington, akaiacha sehemu kubwa ya msafara wake kwa Mumia na kuendelea magharibi na watu wachache. Aliuawa Busoga mwezi wa Oktoba mwaka huohuo kwa amri ya Kabaka Mwanga. Mumia aliyashuhudia haya yote akiwa mtawala kijana mwenye maadui pande zote. Haishangazi kwamba Waingereza walipotaka kituo cha kudumu mwaka 1894, aliwakaribisha. Alihitaji bunduki za mgeni, na mgeni alihitaji chakula na usalama wa njia.

Matokeo yalionekana upesi. Mwaka 1895, C. W. Hobley akiwa ndiye msimamizi wa kituo cha Mumias, lilitumwa jeshi dhidi ya Wabukusu kufuatia mzozo kuhusu bunduki na mauaji ya askari. Jeshi hilo lilikuwa na askari wa Kisudani na wapiganaji wa Kiganda, pamoja na wasaidizi wengine wa Kiafrika, wakiwemo Wawanga. Wabukusu walishindwa katika ngome ya Lumboka, kisha katika ngome ya Chetambe karibu na Webuye. Wengi waliuawa na mifugo ikatekwa. Adui wa Mumia alikuwa ameangushwa, ila si kwa mkono wa Mumia peke yake.

Hapa ndipo mpaka unapoingia katika wasifu huu. Mumia alipowapokea Waingereza, nchi yake ilihesabiwa kuwa sehemu ya Uganda. Tarehe 1 Aprili 1902, Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya ya Afrika Mashariki, ambayo baadaye iliitwa Kenya. Nabongo akawa amehama nchi bila kuhamisha hata jiwe la meko. Kwake huo ulikuwa mabadiliko ya karatasi, kwa maana ua wake ulibaki ndani kabisa ya eneo jipya. Kwa Wasamia na Wateso mambo yalikuwa tofauti. Mstari wa utawala uliofuata mito kama vile Sio na Malaba uliwaacha baadhi ya jamaa Uganda na wengine Kenya. Waliobaki upande wa mashariki walijikuta wakitawaliwa kupitia mlango wa Mumias.

Mwaka 1909 Waingereza walimtangaza Mumia kuwa Chifu Mkuu. Ndugu na mawakala wake walitumwa kutawala jamii ambazo hazijapata kuwa chini ya Nabongo. Murunga, nduguye, alipewa mamlaka juu ya Wabukusu wa kaskazini, na jamii nyingine, Wateso na Wasamia wakiwemo, zikaonja utawala wa watu waliotoka Wanga. Mawakala hao ndio waliosimamia kodi na kazi za barabara. Kwa mwananchi wa kawaida, ukoloni haukuja na sura ya Mzungu kwanza. Ulikuja na sura ya jirani. Malalamiko yaliongezeka mwaka baada ya mwaka, na kufikia miaka ya 1930 serikali ilikuwa ikiwaondoa machifu wa Kiwanga na kuwaweka wenyeji mahali pao.

Mumia mwenyewe hakustarehe kwa muda mrefu. Reli ilipofika Kisumu mwaka 1901, njia ya misafara iliyompa uzito ilianza kufifia. Makao ya utawala wa wilaya yalihamishwa kutoka Mumias hadi Kakamega mwaka 1920, na mwaka 1926 alistaafishwa kwa kupewa malipo ya uzeeni. Reli iliyofika Kampala mwaka 1931 ilipitia Malaba, wala haikupitia kwake. Alifariki mwaka 1949, miaka 67 tangu kutawazwa, akiwa mzee mwenye heshima kubwa na mamlaka kidogo.

Je, mtoto wa Malaba aandike nini? Akiandika kwamba Mumia alikuwa shujaa aliyewaokoa watu wake, atakuwa amesema kweli kuhusu Wawanga wa mwaka 1894, lakini atakuwa amewanyamazisha wahenga wake mwenyewe. Akiandika kwamba alikuwa msaliti, atakuwa amedhani kwamba palikuwapo taifa moja la kusalitiwa, ilhali wakati huo hapakuwa na Kenya wala jina Abaluhya kama tunavyolijua leo. Kosa liko katika kitenzi chenyewe. Kushirikiana hudai watendwa: alishirikiana na nani, na dhidi ya nani? Mafunzo ya darasani hujibu swali la kwanza, na mara nyingi huliacha la pili likining'inia.

Ni maoni yetu kwamba walimu wa Busia na Malaba waigeuze kazi hii kuwa utafiti mdogo. Mwanafunzi awaulize wazee wa kwao, kwa Kiteso, Kisamia au lugha yoyote ya nyumbani, ni nani aliyekuwa chifu zamani, alitoka wapi na alikusanya nini. Kisha ayaandike majibu kwa Kiswahili kando ya tarehe za kitabuni, na pale masimulizi na kitabu vinapokinzana, aseme hivyo waziwazi. Insha ya namna hiyo huenda isilingane na mwongozo wa kusahihisha, na mwalimu asimpunguzie mtoto alama kwa sababu hiyo. Mumia alitawala kwa kujua kwamba njia moja hupitiwa na watu wenye nia tofauti. Wasifu wake nao uachiwe nafasi ya kupitiwa na kumbukumbu zaidi ya moja, hata zile za watu ambao hawakumwita Nabongo kwa hiari.