Louis Duhring na ugonjwa wa sura nyingi

Kuna ugonjwa wa ngozi ambao humfanya mtu ajikune usiku kucha. Vilengelenge vidogo humtoka kwa makundi kwenye viwiko, magoti, matako na mgongo. Hupasuka, hukauka na kuacha madoa, halafu hurudi. Hauambukizi. Aliyeutenga na magonjwa mengine ni Louis Adolphus Duhring.

Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1845, akahitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Pennsylvania mwaka 1867. Kisha akavuka bahari kwenda Vienna, kwa Ferdinand von Hebra, mwalimu mkuu wa magonjwa ya ngozi wa zama hizo. Aliporudi nyumbani alifungua zahanati ya wagonjwa wa ngozi, na baadaye akawa profesa katika chuo chake cha zamani. Kati ya 1876 na 1880 alitoa kitabu kikubwa cha picha za rangi za magonjwa hayo.

Lakini jambo lililobeba jina lake ni malengelenge. Madaktari wa wakati ule waliyaita kwa sura waliyoyakuta nayo siku hiyo: makubwa yalikuwa na jina lake, madogo yaliyokusanyika jina jingine, mekundu yasiyo na maji jina la tatu. Duhring alimfuatilia mgonjwa yule yule kwa muda mrefu, akaona sura zote hizo zikipokezana katika mwili mmoja, na muwasho ukibaki ule ule. Mwaka 1884 aliandika kwamba huo ni ugonjwa mmoja, akauita dematitisi hepetifomisi.

Vienna hawakupendezwa. Moritz Kaposi, mkwe wa Hebra na mrithi wa kiti chake, alimpinga. Huko Paris, Louis Brocq alimuunga mkono, ingawa kwa masahihisho. Tuseme kweli, Duhring naye alivuka mpaka: aliuingiza humo hata ugonjwa wa vipele vya usaha wa wajawazito alioueleza Hebra, na hapo alikosea. Kwa maoni yangu, kosa hilo moja liliwapa wapinzani silaha ambayo hawakuistahili.

Hakuoa. Alifariki mwaka 1913, akakiachia chuo chake mali nyingi. Chanzo cha ugonjwa hakukijua.

Kilijulikana nusu karne baadaye. Katika miaka ya 1960 waganga waligundua kwamba utumbo mwembamba wa wagonjwa hao umeharibika, na kwamba chini ya ngozi yao kuna askari wa kinga ya mwili waliokosea adui. Kinachowaamsha ni gluteni, protini iliyomo katika ngano. Dapsoni, dawa ile ile tuijuayo kwa ukoma, hutuliza muwasho upesi. Lakini utumbo haupati nafuu mpaka mgonjwa aache chapati, mkate na maandazi.

Na hostia je? Seminarista wenzangu, swali hili litatufikia parokiani. Hostia isiyo na gluteni kabisa si halali kwa Ekaristi. Yenye gluteni kidogo sana, lakini ya kutosha kuwa mkate, ni halali, na Askofu anaweza kutoa ruhusa itumike. Asiyeweza hata hiyo, hukomunika kwa kikombe peke yake. Basi kikombe hicho kitengwe, kisitiwe kipande cha hostia ndani yake.