John Cade, daktari aliyepata dawa ya baipola katika stoo ya jikoni

KAMPALA — Wafanyabiashara wa Kikuubo na Owino wanaijua lithiamu kama madini ya betri za simu. Wanaopeleka bidhaa Kongo wamesikia pia habari za Manono, katika jimbo la Tanganyika, ambako akiba yake ni kubwa. Wachache wanajua kwamba chumvi ya madini hayo hayo ni dawa ya hospitali, na kwamba imewarudisha nyumbani na kazini watu ambao ndugu zao walikuwa wamekwisha kata tamaa.

Aliyeonyesha jambo hilo ni John Cade, daktari wa Australia aliyefariki mwaka 1980. Hakuwa na maabara ya maana wala fedha za utafiti, na alikuwa ametoka kukaa miaka mitatu na nusu kifungoni vitani. Maisha yake yanafaa kujulikana na kila anayeishi na mgonjwa wa baipola, kwa sababu ndani yake mna faida ya dawa hiyo na pia hatari yake.

Ugonjwa wenyewe

Mwenye baipola hupanda na kushuka. Akipanda, halali usiku na wala hachoki. Maneno humtoka mbio, mawazo yanakimbizana, anajiona tajiri au mteule wa Mungu. Kwa mfanyabiashara, hapo ndipo mtaji hupotea: anakopa kwa watu watano kwa siku moja, anaagiza kontena asilo na uwezo wa kulilipia, anagawa bidhaa bure, anagombana na mshirika wa miaka kumi. Wengine husikia sauti. Madaktari huiita hali hiyo mania.

Akishuka, huingia katika sonona, yaani huzuni nzito isiyomwachia. Duka halifunguliwi, simu hazipokelewi, chakula hakina ladha, na wazo la kujiua linaweza kumjia. Kati ya vipindi hivyo viwili anaweza kukaa miezi au miaka akiwa mzima kabisa, na ndiyo maana majirani husema amelogwa, ana majini au ni mlevi tu. Kwa hesabu ya Shirika la Afya Duniani, mwaka 2019 watu wapatao milioni 40 walikuwa wakiishi na ugonjwa huu.

Mtoto aliyekulia hospitalini

John Frederick Joseph Cade alizaliwa tarehe 18 Januari 1912 huko Murtoa, mji mdogo wa jimbo la Victoria. Baba yake, David, alikuwa daktari wa mji huo. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, mzee huyo alikwenda kutibu askari Gallipoli na kisha Ufaransa, akarudi amechoka mwili na roho. Kazi ya kuhangaikia wagonjwa wa mji mzima ikamshinda. Akauza zahanati yake na kuajiriwa na serikali katika hospitali za wagonjwa wa akili.

Familia ilihamia naye, ikaishi ndani ya uzio wa hospitali hizo. Kwa hiyo John na ndugu zake walikua wakiwaona wagonjwa kila siku. Watoto wengine waliogopa kupita karibu na majengo yale. Kwa John yalikuwa mtaa wao. Alijifunza mapema kwamba mgonjwa wa akili ni mtu kama wengine, ana siku zake nzuri na mbaya.

Alimaliza masomo ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Melbourne akiwa na miaka 21 tu. Muda mfupi baadaye aliugua nimonia ya mapafu yote mawili, wakati ambapo antibayotiki zilikuwa bado hazijaanza kutumika. Alipona, na muuguzi aliyemhudumia, Jean Charles, akawa mke wake mwaka 1937. Wakati huo Cade alikuwa tayari amefuata njia ya baba yake na kuingia katika tiba ya magonjwa ya akili.

Miaka ya Changi

Mwaka 1940 alijiunga na jeshi, na mwaka uliofuata akapelekwa Singapore na kikosi cha tiba. Tarehe 15 Februari 1942 mji ule ulianguka mikononi mwa Wajapani. Cade akawa mateka katika kambi ya Changi hadi Septemba 1945.

Kambini njaa na magonjwa viliwaua askari wengi. Cade aliwahudumia wenzake, wakiwemo waliorukwa na akili. Baadhi yao walipofariki na miili yao kupasuliwa, aliona kwamba ndani ya ubongo wa wengine mlikuwa na kasoro ya wazi, kama damu iliyoganda au uvimbe. Hapo wazo likamkaa kichwani kwamba huenda wazimu wenyewe una chanzo ndani ya mwili, kama malaria ilivyo na chanzo chake. Katika zama zile wengi waliamini kwamba maradhi ya akili hutokana na malezi, aibu au udhaifu wa tabia, na wazo la Cade lilikuwa la watu wachache.

Alirudi kwa mkewe na watoto amekonda sana. Hakupumzika muda mrefu. Alipewa kazi katika hospitali ya Bundoora, nje kidogo ya Melbourne, iliyokuwa ikiwatunza askari wa zamani wenye matatizo ya akili.

Stoo, mikojo na simbilisi

Bundoora kulikuwa na stoo ya jikoni isiyotumika. Cade aliigeuza kuwa maabara yake. Fikra yake ilikuwa rahisi: kama mtu anayekunywa pombe nyingi hulewa, labda mwenye mania naye amelewa kitu ambacho mwili wake unakitengeneza kupita kiasi. Na kama kitu hicho kipo, lazima kitoke na mkojo.

Akaanza kukusanya mikojo ya wagonjwa, mingine akiihifadhi kwenye friji ya nyumbani kwake, mahali watoto walipochukulia maziwa. Aliwadunga simbilisi, wale wanyama wadogo wasio na mkia wanaofugwa kama sungura. Ili kupima sehemu mbalimbali za mkojo, alihitaji asidi ya yuriki iyeyuke majini, nayo huyeyuka kwa shida. Akachagua chumvi yake ya lithiamu kwa sababu moja tu, kwamba huyeyuka vizuri.

Hapo ndipo alipoona jambo asilolitafuta. Simbilisi, ambao kwa kawaida hushtuka wakiguswa, walitulia. Aliwalaza chali nao wakabaki wanamtazama. Akajaribu lithiamu peke yake, bila asidi ile, na matokeo yakawa yale yale. Wataalamu wa baadaye wamesema huenda wanyama wale walikuwa wamelemewa na sumu ya dawa. Nadharia ya mkojo wenye sumu nayo haikuthibitika. Lakini njia hiyo iliyopinda ilimfikisha mahali sahihi.

Kabla ya kumpa mgonjwa yeyote, aliinywa yeye mwenyewe, aone kama itamdhuru.

Mgonjwa wa kwanza

Tarehe 29 Machi 1948 alimpa dawa hiyo mwanamume wa miaka 51 aliyekuwa katika mania kwa miaka mitano mfululizo. Wodini alijulikana kwa fujo, uchafu na uharibifu, na hakuna aliyetarajia atoke. Baada ya wiki chache alikuwa ametulia kiasi cha kuhamishiwa kwa wanaopata nafuu. Julai mwaka huo alirudi nyumbani, na baadaye akarudi kwenye kazi yake ya zamani.

Cade aliwapa dawa hiyo wagonjwa kumi wenye mania, na wote walipata nafuu. Wengine sita wenye skizofrenia walipungua fujo tu, na watatu wenye sonona hawakubadilika. Septemba 1949 alichapisha matokeo hayo katika jarida la kitabibu la Australia.

Wakati ule, iwe Melbourne, London au Kampala, mtu mwenye mania kali hakuwa na dawa ya kumponya. Alifungiwa, alilazwa kwa madawa ya usingizi, au alipigwa mshtuko wa umeme. Hapa Uganda wagonjwa walikuwa wakiwekwa Mulago. Hospitali ya Butabika ilifunguliwa mwaka 1955.

Dawa inapogeuka sumu

Mambo hayakwenda moja kwa moja. Mgonjwa yule wa kwanza, baada ya kujiona amepona, aliacha dawa. Wiki kadhaa baadaye mania ilirudi, na mwanzoni mwa 1949 akarudishwa hospitali. Akaanzishiwa tena, lakini safari hii lithiamu ilizidi mwilini. Alifariki Mei 1950 kwa sumu ya dawa ile ile iliyokuwa imemponya.

Kifo hicho kilimuumiza Cade. Mwaka 1949 huko Marekani chumvi ya lithiamu ilikuwa imeuzwa madukani kama mbadala wa chumvi ya mezani kwa wenye maradhi ya moyo; watu walikufa, na serikali ikaipiga marufuku. Cade mwenyewe aliacha kuitumia, na alipoteuliwa kuongoza hospitali ya Royal Park mwaka 1952 hakuwa tena mtetezi wake.

Waliookoa ugunduzi huo ni wengine. Huko huko Melbourne, Edward Trautner na wenzake walionyesha kwamba kiasi cha lithiamu kinaweza kupimwa katika damu, ili dawa ibaki pale inapotibu bila kufika pale inapoua. Denmark, Mogens Schou, ambaye ndugu yake aliteswa na sonona ya kujirudia, alifanya jaribio lenye kulinganisha wagonjwa na kulichapisha mwaka 1954. Kwa miaka mingi aliendelea kuonyesha kwamba dawa hiyo, pamoja na kutuliza mania iliyopo, huzuia pia vipindi vijavyo. Mwaka 1970 Marekani nayo iliiruhusu kutibu mania.

Cade aliona matunda hayo akiwa hai. Aliongoza Royal Park hadi alipostaafu mwaka 1977. Mwaka 1974 yeye na Schou walipewa pamoja tuzo ya kimataifa, na mwaka 1976 nchi yake ikamtunuku nishani. Alifariki tarehe 16 Novemba 1980. Kwa kuwa lithiamu ni madini ya asili, hakuna kampuni iliyoweza kuihodhi, na Cade hakuwa tajiri kwa ajili yake.

Anachotuachia

Miaka zaidi ya 70 imepita na lithiamu bado imo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Tafiti nyingi zimeonyesha pia kwamba hupunguza hatari ya mgonjwa kujiua. Pale ambapo kipimo cha damu hakipatikani kwa urahisi, kama ilivyo katika vituo vingi vya ukanda wetu, madaktari hutumia zaidi dawa nyingine, kama valproeti na kabamazepini. Mwanamke anayeweza kushika mimba amweleze daktari mapema, kwa sababu valproeti inaweza kumdhuru mtoto tumboni.

Kwa anayevuka mipaka, yale yaliyompata mgonjwa wa kwanza wa Cade yana maana ya kila siku. Kujisikia mzima hakumaanishi kwamba ugonjwa umekwisha. Mara nyingi ni dawa inayofanya kazi. Anayepanda basi la usiku kutoka Kampala kwenda Nairobi au Kigali afungashe dawa za siku zote za safari na za ziada, pamoja na karatasi ya daktari yenye jina halisi la dawa, maana majina ya kibiashara hubadilika nchi kwa nchi. Kukosa usingizi peke yake kunaweza kuamsha mania, hivyo safari za usiku mbili mfululizo ni hatari kwake kuliko kwa wenzake.

Anayetumia lithiamu asijizuie kunywa maji kwa kuogopa kukosa choo njiani. Mwili ukikauka kwa jua, kuhara au kutapika, dawa hupanda kwenye damu. Dawa za maumivu kama aibuprofeni na diklofenaki huipandisha pia. Mikono ikitetemeka sana, akiyumba kama mlevi, akihara na kusinzia, apelekwe hospitali siku hiyo hiyo. Na mwenye huzuni asijinunulie dawa za sonona dukani: kwa mtu wa baipola, dawa hizo zikitumika peke yake zinaweza kumrusha hadi kwenye mania.

Mahali pa kuanzia papo. Uganda kuna Butabika, Mulago na vitengo vya akili katika hospitali za rufaa za mikoa. Kenya kuna Mathari jijini Nairobi, Tanzania kuna Mirembe mjini Dodoma, Rwanda kuna Ndera jijini Kigali. Kongo kuna Tulizo Letu mjini Goma na SOSAME mjini Bukavu. Familia inayompeleka mgonjwa kwa shehe au mchungaji amwombee haizuiwi kumpeleka na hospitali pia, ilimradi asifungwe minyororo wala kunyimwa chakula njiani.

Akiwa mzima ndipo wa kukaa naye na kupanga: nani atashika simu ya fedha akianza kupanda, nani atasimamia duka, dalili gani ndiyo ya kwanza, na ni hospitali gani atakayokubali kwenda. Akishakuwa katika mania hataona kwamba anaumwa, na mazungumzo hayo yatakuwa yamechelewa.