Réaumur, bwana mkubwa aliyefuga funza wa majani

Wasomaji waliosomeshwa kwa Kifaransa, kule Bujumbura, Bukavu au kwingineko, huenda waliwahi kukutana na jina la Réaumur kwenye kipimajoto. Kwake maji huganda kwenye sifuri na kuchemka kwenye 80. Kipimo hicho alikitoa mwaka 1730, kikatumika sana Ulaya kabla ya kupitwa na kile cha Celsius. Lakini mwenyewe, René-Antoine Ferchault de Réaumur, alitumia sehemu kubwa ya maisha yake kwa viumbe ambavyo watu wa hadhi yake walivikanyaga bila kuvitazama.

Alizaliwa Februari 28, 1683, La Rochelle, mji wa bandari magharibi mwa Ufaransa, katika familia yenye mali. Mwaka 1703 alihamia Paris, na mwaka 1708, akiwa na umri wa miaka 25, akapokewa katika Akademia ya Sayansi. Alianza na hesabu, akaingia kwenye chuma. Kitabu chake cha mwaka 1722 kuhusu chuma cha pua kilimpatia pensheni ya serikali. Mwaka 1719 alieleza kwamba nyigu hujenga kiota kwa karatasi wanayoitafuna kutoka kwenye mbao. Enzi hizo karatasi za Ulaya zilitengenezwa kwa matambara makuukuu. Wanaovusha maboksi mpakani kila siku wajue kwamba nyigu alikuwa ametangulia.

Kazi iliyomjengea heshima ni vitabu sita vya maisha ya wadudu, vilivyotoka kati ya mwaka 1734 na 1742. Katika kile cha tatu, cha mwaka 1737, aliandika habari za funza wanaochimba majani.

Bila shaka msomaji umeshawaona, hata kama hukujua ni nini. Jani la kijani lina mstari mweupe unaopindapinda, mwembamba upande mmoja na mpana upande wa pili. Funza aliingia akiwa mdogo mno, akawa anakula nyama ya jani na kuacha ngozi zake mbili, ya juu na ya chini. Kadiri anavyonenepa ndivyo njia inavyopanuka. Jani ni nyumba yake na ndilo chakula chake.

Tatizo ni kumtambua. Ukimtoa humo unapata kijifunza bapa, cheupe, mara nyingi bila miguu ya maana. Réaumur alionyesha kwamba wengine huwa nzi, wengine nondo wadogo sana, na wengine mbawakawa. Kwa hiyo hakukisia. Aliweka majani kwenye chupa za kioo na kungoja mdudu atoke akiwa mzima. Jani likikauka, funza hufa kwa njaa. Likilowa mno, huota ukungu. Ni kazi ya kuchungulia kila siku, kwa mtu asiye na haraka.

Njia hiyo haijapitwa na wakati. Chukua ndago, gugu linalomsumbua kila mkulima wa bondeni. Wapo mbawakawa wanaochimba majani ya jamii ya ndago, na wapo wanaochimba mpunga. Mmoja wa mpunga, mweusi na mwenye miiba mgongoni, wataalamu humwita Trichispa sericea. Huyu hueneza pia virusi vya kimyanga, ugonjwa wa mpunga ulioonekana kwa mara ya kwanza karibu na Kisumu mwaka 1966. Anayerudi nyumbani na kufufua shamba lake atauliza: huyu aliye kwenye ndago za ukingoni ndiye yule wa mpunga wangu? Kama ndiye, ndago zing'olewe. Kama siye, ni kupoteza nguvu za vibarua bure. Mstari kwenye jani peke yake hautoshi kumjibu. Ni lazima afugwe mpaka atoke, ndipo alinganishwe.

Réaumur hakuoa. Michoro mingi ya vitabu vyake ilifanywa na Hélène Dumoustier, mwanamke ambaye jina lake halikuwekwa kwenye kazi hiyo. Alikuwa akishirikiana naye hata katika kuwachunguza wadudu wenyewe. Kwa maoni yangu hilo ni deni, ingawa bwana huyo alimwachia urithi wake.

Oktoba 1757 alianguka kutoka juu ya farasi, akafariki akiwa na miaka 74. Mikusanyo yake ilipelekwa kwenye hazina ya mfalme, chini ya mpinzani wake Buffon. Maandishi yake yalibaki Akademia. Humo mlikuwamo sehemu ambazo hakuzimaliza, za siafu na wenzao na za mbawakawa. Ile ya kwanza ilichapishwa mwaka 1926 na Mmarekani William Morton Wheeler. Ya mbawakawa ilingoja hadi mwaka 1955.