Mama Trowell, Mwalimu wa Picha wa Makerere

Mtoto akiokota kipande cha mkaa hutafuta ukuta. Hapa Tunduma watoto wetu huchora malori, kwa kuwa malori ndiyo wanayoyaona kutwa yakingoja kuvuka kwenda Nakonde, na malipo yao mara nyingi ni fimbo kwa kuchafua nyumba. Katika toleo hili tunawasimulia wasomaji maisha ya mama mmoja Mwanglikana, aliyeitazama michoro ya namna hiyo kwa jicho jingine, na ambaye kazi yake imeonekana hata katika kuta za makanisa ya Afrika ya Mashariki.

Margaret Trowell alizaliwa mwaka 1904 katika mji wa London. Alisomea uchoraji katika shule ya Slade, shule yenye sifa kubwa, kisha akaingia kujifunza ualimu. Huko alikutana na Bibi Marion Richardson, na nadhani hakuna mtu aliyembadilisha zaidi kuliko huyo. Zamani zile watoto wa shule waliwekewa kikombe au chungu mezani, wakaamriwa kukinakili mpaka kifanane. Bibi Richardson aliliacha jambo hilo. Aliwaambia wanafunzi wafumbe macho, akawaeleza taratibu habari ya mahali fulani, mwanga wake na watu wake, mpaka kila mmoja akaiona picha yake ndani ya moyo wake. Ndipo wakafumbua macho na kuchora waliyoyaona. Picha za darasa zima zikatoka mbalimbali, wala hapakuwa na ya kunakili.

Mwaka 1929 Bi. Trowell alifika Kenya pamoja na mumewe, Dakta Hugh Trowell, tabibu wa serikali. Huko alipendezwa na kazi za mikono za wenyeji, akazichunguza na kuandika juu yake. Mwaka 1935 wakahamia Uganda, Dakta akafanya kazi Mulago. (Huyu Dakta ndiye aliyeshughulika sana na ugonjwa wa kwashakoo unaodhoofisha watoto, na katika uzee wake akapewa daraja la ukasisi. Maisha yake yangestahili makala ya peke yake.)

Darasa la Mama Trowell lilianza mwaka 1937 katika baraza ya nyumba yake. Halikuwa na jengo wala fedha ya kutosha, na wako waliosema wazi kwamba Mwafrika hana haja ya kufundishwa picha, bali kilimo na ukarani. Yeye hakubishana nao sana. Aliwasimulia wanafunzi wake hadithi, mara ya vijijini kwao, mara ya Biblia, akawaacha wafumbe macho kama alivyofundishwa. Mwaka 1939 kazi zao zilionyeshwa London, na darasa lile la barazani likakua mpaka likawa shule ya sanaa ndani ya Makerere.

Tutazame wawili wa wanafunzi wake. Gregory Maloba, mtoto wa Kenya ya magharibi, aliona sanamu ya Bikira Maria kanisani alipokuwa mdogo, akatamani kujua imefanywaje, akaanza kufinyanga udongo peke yake. Alipofika kwa Mama Trowell alikuwa na mikono iliyokwisha kuanza kazi. Alichohitaji ni mtu wa kuiongoza bila kuivunja. Akawa mchongaji, naye akawa mwalimu hapo hapo Makerere. Sanamu ya Uhuru iliyosimamishwa Kampala mwaka 1962 ni kazi yake.

Wa pili ni Mtanganyika mwenzetu, Sam Ntiro, aliyezaliwa Machame mwaka 1923. Yeye alichora Uchaga wa utoto wake: migomba, watu wakifanya kazi kwa ushirika, pombe ya ndizi ikipelekwa kwa bibi arusi usiku. Picha hiyo ya pombe, ya mwaka 1956, imo katika jumba kubwa la sanaa ya kisasa huko New York. Ntiro alipelekwa Slade, shule ile ile ya mwalimu wake, akakaa tangu 1952 hadi 1955. Watu wangetazamia arudi akichora kama Mwingereza. Alirudi akichora Machame. Baada ya Uhuru alitumwa London kuwa Balozi wetu, na baadaye akafundisha sanaa katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Alifariki mwaka 1993.

Lakini haifai kumsifu Mama Trowell bila kusema lililolaumiwa. Aliogopa kwamba wanafunzi wake wakionyeshwa mno picha za Ulaya watakuwa wanakili tu, akawakinga nazo. Wakosoaji walisema kwamba kwa kuwakinga hivyo aliwachagulia yeye mwenyewe Uafrika wao uwe wa namna gani. Alipoondoka Uganda mwaka 1958, Bwana Cecil Todd aliyemfuata aligeuza mafundisho, akawafundisha wanafunzi pia historia ya sanaa ya ulimwengu. Kwa maoni yangu wakosoaji walikuwa na haki, maana mtu mzima hafichwi kitabu. Ila kwa mtoto bado nasimama upande wa Mama. Walimu wa Shule ya Jumapili huwapa watoto picha ya Yesu ya kunakili kutoka kadi ya Krismasi, na mtoto wa Mbozi anayepita katikati ya mibuni kila siku anachora theluji. Akisimuliwa habari ya Mpanzi na kuachwa afumbe macho, atamwona mpanzi huyo katika shamba la babu yake.

Aliyetaka kuona matunda ya mafundisho haya kanisani angekwenda Murang'a, Kenya. Kanisa kuu la Kianglikana la huko lilijengwa kuwa ukumbusho wa Wakristo waliouawa wakati wa Mau Mau. Mwaka 1959 Elimo Njau, Mchaga wa Marangu aliyesoma Makerere kwa Mama Trowell, alichora ukutani humo maisha ya Bwana wetu tangu kuzaliwa hadi kusulibiwa. Watu wake ni Waafrika na milima ni ya nchi ile ile inayoonekana nje ya mlango. Wajane na yatima wa wale waliouawa waliingia kusali, wakamwona Bwana akiteswa katika nchi yao wenyewe.

Mama Trowell alifariki mwaka 1985 akiwa na umri wa miaka 80 na zaidi. Shule iliyoanzia barazani kwake ilipewa jina lake.