Munganga Hart na diploma ya jina la zamani

Wandugu, sisi watu wa shimo tunajua radio ya kifua. Vumbi ya mawe inaharibu mapafu na kufungulia kifua kikuu mlango, njo maana tunapigwa picha. Kati ya waganga waliopigania radio hiyo kuna mmoja wa Marekani, Alan L. Hart. Tunaeleza maisha yake juu shida yake kubwa ni ile tunayoiona kila siku kwa biro ya sendika: jina lililoandikwa kwa karatasi.

Hart alizaliwa tarehe 4 Oktoba 1890 katika jimbo la Kansas, akaandikwa mtoto mwanamke. Baba alikufa yeye angali mdogo sana, mama akamupeleka Oregon. Tangu utoto alijiona mwanaume, akapenda nguo na kazi za wanaume. Mwaka 1917 alimaliza masomo ya uganga kule Portland, na maksi za juu kupita wenzake. Lakini diploma ilitoka na jina la mwanamke. Hiyo ilimuumiza sana. Mwanaume ataomba kazi namna gani na karatasi ya vile?

Akamuomba Dokta Gilbert amusaidie. Akafanyiwa operesheni ya kutoa kizazi, akakata nywele, akabadili jina kwa sheria, na mwaka 1918 akaoa bibi. Kazi lakini haikudumu. Muntu aliyesoma naye akamutambua, siri ikatoka, Hart akafunga mizigo. Miaka mingi alihamahama, lopitali moja hadi ingine. Yeye na bibi wa kwanza wakaachana. Mwaka 1925 akaoa Edna Ruddick, na huyo alibaki naye mpaka mwisho.

Mu ile miaka kifua kikuu kiliua watu wengi, na dawa yake ilikuwa haijapatikana. Wengi walipimwa wakati mapafu yamekwisha kuharibika. Hart akasomea kazi ya radio, akapiga picha vifua vya watu ambao bado hawajakohoa. Ugonjwa ukikamatwa mapema, mugonjwa anatunzwa pembeni na watoto wake hawaambukizwi. Miaka ya 1930 alizunguka Idaho, jimbo lenye migodi, akipima watu. Aliandika pia vitabu vinne vya hadithi. Tangu 1948 alihudumia wagonjwa wa kifua kikuu katika jimbo la Connecticut, mpaka alipokufa tarehe 1 Julai 1962. Aliacha agizo barua na picha zake ziharibiwe.

Sheria ilimupa Hart jina jipya, lakini makaratasi ya nyuma hayakumufuata. Kila aliyejua jina la zamani aliweza kumufukuzisha kazi. Sisi tunaelewa uzito huo. Tumeona mjane anarudishwa na kurudishwa tena, paka juu herufi moja ya jina la marehemu haifanane kwa karatasi mbili. Kwa hiyo tusimucheke muntu anayeomba karatasi zake zote, kuanzia ile ya kuzaliwa, zifanane na maisha yake. Hata yeye anatafuta kazi na mkate wa nyumba yake.

Basi, wandugu, muangalie majina yenu kwa kila karatasi wakati mungali wazima. Na siku ya radio ya kifua, musikose.