Maisha ya William Cowper, mtu ambaye roho yake ilikuwa inabadilika



Katika bweni tunaonana kila siku. Leo mwenzetu anacheka mpaka taa zinazimwa, kesho hataki hata kusalimiwa. Halafu wengine wanasema upesi: huyu ana kiburi, ama amelogwa, ama imani yake ni kidogo. Kwa sababu hiyo, mara hii tumechagua kusimulia maisha ya William Cowper, Mwingereza mwenyi kutunga mashairi na nyimbo za kanisa.

Alizaliwa tarehe 15 Novemba 1731, katika mji wa Berkhamsted. Baba yake alikuwa mchungaji. Mama alikufa mwaka 1737, mtoto akiwa na miaka karibu sita. Kisha wakamtia katika shule ya bweni. Kule kijana mmoja mkubwa alimtesa sana, mpaka mtoto alimjua kwa viatu kuliko kwa uso, maana hakuthubutu kuinua macho. Sisi tulio wakubwa katika shule, tusome hapo mara mbili.

Alisoma sheria London. Mwaka 1763 ndugu yake mmoja alitaka kumpa kazi nzuri, kazi ya karani wa kutunza vitabu vya Baraza kubwa la Uingereza. Lakini watu wengine walipinga, basi ikasemwa kwamba atapitisha mtihani kwa mdomo mbele ya Baraza. Miezi mingi alifungua vile vitabu kila siku, lakini hakuna kitu kilichoingia katika kichwa. Woga ulimshinda kabisa. Alijaribu hata kujiua, lakini hakufa. Ndugu zake walimpeleka St Albans kwa Daktari Cotton, mganga mwenyi upole. Alikaa kule mpaka mwaka 1765, akapona.

Kisha aliishi na jamaa ya Unwin. Baba wa nyumba alipokufa mwaka 1767, Cowper alihama pamoja na mjane, Mama Mary Unwin, wakaenda kukaa Olney. Pale mchungaji alikuwa John Newton, ambaye zamani alikuwa kapiteni wa meli za watumwa. Wakawa marafiki wakubwa. Walitunga pamoja kitabu cha nyimbo kilichotoka mwaka 1779, na zaidi ya nyimbo 60 ni za Cowper.

Lakini ugonjwa ulirudi mwaka 1773. Usiku mmoja aliota kwamba Mungu amemtupa, na hakuweza kuliondoa neno hilo katika roho yake. Tangu pale hakuingia tena katika kanisa, hata nyimbo zake zilipokuwa zinaimbwa ndani. Newton hakumfukuza wala hakumcheka; alimkaribisha katika nyumba yake zaidi ya mwaka mzima.

Sasa tuone ginsi alivyoishi na hali hiyo. Hakungoja huzuni iishe kwanza ndipo afanye kazi. Alilima bustani, alitengeneza vitu vya mbao, na mwaka 1774 alianza kufuga sungura watatu, Puss, Tiney na Bess. Magaribi aliwaacha waruke katika chumba. Puss alipougua Cowper alimtunza, na tangu siku ile alimzoea kabisa. Tiney alitunzwa vilevile, lakini alibaki mkali mpaka kufa, anapiga miguu chini na kuuma. Cowper hakumtupa. Alimlisha karibu miaka tisa, na ule ukali wake ulimchekesha. Tunafikiri roho yake mwenyewe aliilea vilevile: siku ya Puss aliipokea, siku ya Tiney pia aliipa chakula.

Magaribi moja ya mwaka 1782 roho yake ilikuwa chini sana. Rafiki, Bibi Austen, alimsimulia kisa cha mtu aliyeshindwa kusimamisha farasi wake. Cowper alicheka usiku ule, akakigeuza kuwa shairi la John Gilpin, na Uingereza nzima ikacheka pamoja naye. Mwaka 1785 alitoa kitabu kikubwa, The Task. Mwaka 1788 alitunga mashairi ya kupinga biashara ya watumwa, biashara iliyochukua pia watu wengi wa pwani ya Kongo. Mwaka 1791 alimaliza kutafsiri Homer.

Hatusemi kwamba alipona. Mama Unwin alikufa mwaka 1796, na giza lilimfunika Cowper mpaka kifo chake, tarehe 25 Aprili 1800, kule East Dereham. Alikufa akifikiri Mungu amemtupa. Lakini watu wanaoimba nyimbo zake hawafikiri hivyo hata kidogo. Basi tunaona kwamba mambo ambayo huzuni inatuambia, si yote ni kweli.

Wandugu, mtihani wa Serikali unakaribia, na katika darasa letu la mwisho wako wenyi kufungua kitabu bila kuona kitu. Si uvivu, wala si laana. Tusikae peke yetu. Tushike jembe, tuimbe, tulale saa zetu. Na kama mwenzetu anasema hataki kuishi tena, tusimcheke, na tusifiche neno hilo: siku ileile tumwambie mwalimu ama mchungaji, na tukae naye.