John Reith, mtu aliyeilea BBC



Hapa Kasongo na kule Kabambare, wakati wa vita wazee wengi walitafuta BBC ya Kiswahili kwenye mawimbi mafupi, wapate kujua kama maneno ya sokoni ni kweli ao ni uongo. Lakini aliyeilea BBC tangu utoto wake, wachache kwetu wanamjua. Ni John Reith.

Alizaliwa mwaka 1889 huko Stonehaven, Scotland, mtoto wa mchungaji. Baba yake alimtia katika ufundi wa gari-moshi mjini Glasgow. Mwaka 1915, vitani Ufaransa, risasi ilimpasua shavu, na kovu lile lilibaki mpaka kufa kwake. Alikuwa mrefu karibu metre 2, basi ukimwona na kovu lile, unaogopa tu.

Mwaka 1922 alisoma tangazo la kazi katika gazeti, akaandika barua bila kujua vizuri kampuni ile inafanya nini. Akapewa ukubwa, akiwa na miaka 33. Kule Marekani redio zilianza kuishi kwa matangazo ya wafanyabiashara. Yeye alikataa. Kila nyumba yenye redio ililipa shilingi 10 kwa mwaka, na maskini akasikia habari, muziki na mafundisho yale yale ya tajiri. Siku ya Jumapili hakutaka mchezo kabisa, hata wengine wakakimbilia Radio Luxembourg!

Jaribu kubwa lilikuja Mei 1926. Wafanyakazi wa Uingereza waligoma siku 9, magazeti karibu yote yakasimama, redio ikabaki. Churchill, waziri wa fedha, alitaka Leta iikamate. Reith alikataa, na waziri mkuu Baldwin akaiacha. Ni vizuri. Lakini askofu mkuu wa Canterbury alipotaka kusema na watu juu ya mapatano, Reith alimzuia kwanza, na MacDonald, mkubwa wa wapinzani, hakupewa nafasi. Wengine wanamtetea, eti angefungua mlango, Churchill angeingia. Mimi naona hapo alikosa: Leta haikuikamata redio, lakini redio yenyewe ilijifunga mdomo. Hata hivyo, tarehe 1 Januari 1927 BBC ikawa shirika la watu wote, si kampuni tena, naye akawa mkurugenzi mkuu wake wa kwanza.

Alikuwa mtu mgumu. Peter Eckersley, fundi mkubwa aliyejenga mitambo yake, ilibidi atoke mwaka 1929 sababu ya mambo ya talaka. Mwaka 1938 Reith mwenyewe alitoka, akaenda kuongoza kampuni ya ndege, na baadaye akajuta sana. Wakati wa vita alipata uwaziri, na mwaka 1942 nani alimwondoa? Churchill yule yule.

Mbele ya kutoka alikuwa ameanzisha sauti ya kwenda makoloni, mwaka 1932, kwa Kiingereza tu. Kiarabu kikafuata Januari 1938, lugha ya kwanza ya kigeni. Sisi tulingoja: Kiswahili kilianza tarehe 27 Juni 1957. Reith alikuwa angali hai, mzee mwenye uchungu, bila kazi kubwa kama ile aliyoiacha. Alikufa Edinburgh mwaka 1971.

Kapita wa wanafunzi, mwaka wa 6